Bagamoyo: Makaburi ya Wajerumani yana majina, kibao cha walionyongwa hakina. Wenye wazee, njooni

Mtoto wa Dunda

Wakuu, salaam. Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla hamjachangia, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu Jumamosi.

Mama mkwe wangu ametoka Tabora, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuiona bahari. Ana miaka sabini na ushee. Asubuhi nilimpeleka mnada wa samaki pale nyuma ya forodha ya zamani, akashangaa pweza, akashangaa mashua zinavyoingia. Tukanunua changu wa kukaanga, tukaondoka mdogomdogo tukifuata pwani hadi kwenye makaburi ya Wajerumani. Wenyeji mnayajua: kama ishirini hivi, ya watu wao waliokufa hapa kuanzia vita vya 1888. Yamezungushiwa ukuta, yamefagiliwa, na kila kaburi linajulikana la nani. Mama Kijerumani hakijui, lakini herufi anazijua. Akapitisha kidole kwenye jiwe moja akilitamka jina polepole, silabi kwa silabi.

Si mbali na hapo kuna ule mnara mdogo wa walionyongwa. Kibao chake kinaeleza kwamba ndipo mahali wakoloni wa Kijerumani walipowanyonga mashujaa waliopinga utawala wao. Nikamsomea. Mama akavua kandambili, akainua mikono kuwaombea, halafu akaishusha. Akanigeukia:

"Baba, namsomea nani?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa mji huu, nimepita pale tangu nasoma shule ya msingi, nimeegesha baiskeli kwenye mnara ule ule, na sijawahi kujiuliza. Nikamwambia, mama, wasomee wote. Akawasomea. Lakini njia nzima ya kurudi hakusema neno, na usiku wakati wa chakula akaniambia kwao marehemu akiombewa hutajwa jina lake na la mzazi wake, asichanganywe na umati.

Kwa wageni wa habari hii, kwa kifupi. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mwambao wa Mrima iuendeshe na kukusanya ushuru kwa jina lake. Agosti kampuni ikaanza kupandisha bendera yake mji kwa mji, na Pangani ndiko moto ulikowaka kwanza, Abushiri bin Salim akiwa mbele. Saadani alisimama Bwana Heri. Septemba vita vikafika kwetu. Kampuni ikashindwa kabisa, ndipo Bismarck, kansela wa Ujerumani, alipomtuma Hermann von Wissmann na jeshi la askari wa kukodi, wengi Wasudani na wengine kutoka Msumbiji. Mei 8, 1889 wakalivunja boma la Abushiri nje ya Bagamoyo. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani, Desemba 15, 1889.

Jina la Abushiri kila mtu analijua. La Bwana Heri pia. Hawa wa pwani yetu, waliovutwa kamba mbele ya mji wao wenyewe, kibao kimewaita mashujaa kikaishia hapo.

Ninachoomba ni kimoja. Kama una babu, bibi, shangazi, sheikh wa mtaa, mtu yeyote Bagamoyo, Kaole, Mlingotini, Saadani, aliyewahi kulitaja jina la mtu aliyenyongwa pale, mwulize tena, uandike. Jina, la baba yake, mtaa, na nani alimhadithia huyo aliyekuhadithia. Tuanzie hapo.

Mtembeza Wageni

Mkuu, umenigusa kwenye kazi yangu. Natembeza wageni mji huu mwaka wa kumi na mbili sasa. Mzunguko wa kawaida ni Kaole, misheni, Ngome Kongwe, Karavanserai, Boma, forodha, halafu pwani. Pale kwenye mnara huwa tunasimama dakika tatu tu. Sababu nitaisema wazi: sina cha kusema. Ngome naweza kuieleza nusu saa, kwamba ilijengwa 1860, Sultani Barghash akaiongezea, Wajerumani wakaweka askari, baadaye ikawa gereza na kituo cha polisi. Boma la 1897 nalo lina habari zake, mpaka namna mvua za El Niño zilivyoangusha sehemu ya jengo. Kwenye mnara wa walionyongwa nasoma kibao kama kilivyo na naondoka.

Kuna mwaka nilimpeleka Mjerumani mmoja, kijana, amekuja kutafuta kaburi la ndugu wa babu wa babu yake. Alikuwa na karatasi, tukalitafuta, tukalipata, akalia. Kisha tukasogea kwenye mnara. Akauliza swali lile lile la mama mkwe wako, kwa namna yake: hawa orodha yao iko wapi? Nilijisikia mdogo sana siku ile.

Nimeipenda hii. Mimi nitauliza upande wa Magomeni na Dunda, kuna wazee wawili watatu bado wana kumbukumbu nzuri.

Kalamu ya Mrima

Mleta uzi, nakuheshimu, ila niruhusu niweke upande wa pili, maana historia ikiandikwa nusu inaumiza.

Neno "mashujaa" pale kwenye kibao mimi linanipa tabu. Abushiri alikuwa mwenye shamba la miwa Pangani, na shamba lile lililimwa na watumwa. Wakubwa wengi wa Mrima waliochukia bendera ya Wajerumani walichukia pia kupoteza ushuru, hongo za misafara na biashara ya pembe. Watu waliokuwa na minyororo shingoni mwaka 1888 sidhani kama waliwaona wale wote kuwa mashujaa. Siwatetei Wajerumani hata chembe. Nao walikuja wakisema wamekuja kukomesha utumwa, wakakaa zaidi ya miaka ishirini na mitano bila kuufuta; walichofanya ni kutoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, na moja ya hati hizo ipo hapo hapo Bagamoyo kwenye makumbusho. Utumwa ulifutwa kisheria 1922, chini ya Waingereza.

Kwa hiyo nauliza: tukiyapata majina, tutayaandika yote? Hata ya aliyekuwa na watumwa kumi nyumbani kwake?

Mtoto wa Dunda

Kalamu ya Mrima, ahsante, na sikubishii kuhusu shamba la Pangani. Jibu langu ni ndiyo, yote.

Nakueleza kwa nini. Neno "mashujaa" limekuwa guo moja kubwa lililofunika watu wote, tajiri na mpagazi, jumbe na mvuvi, na aliyekamatwa tu njiani asiyejua kitu. Chini ya guo hilo huwezi kumlaumu mtu wala kumtetea. Jina ndilo linalofungua maswali. Fulani bin fulani alikuwa nani? Alikuwa na nini? Alifanya nini Septemba ile? Tukishajua huyu alikuwa na watumwa, tutaandika alikuwa na watumwa. Tukijua yule alikuwa mtumwa wa mtu na bado akapigana, nalo tutaandika. Wewe na mimi leo tunajadili tabia ya Abushiri kwa sababu jina lake lipo. Wa Bagamoyo hata kuwajadili hatuwezi.

Kalamu ya Mrima

Hapo nimekuelewa, na nakubali. Basi nami nichangie. Tusikae tukidhani vita hivi havikuandikwa na wenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa upande wa Tanga, alitunga utenzi mzima wa jinsi Wadachi, yaani Wajerumani, walivyoitwaa Mrima, kwa Kiswahili chetu, na aliviona vita vyenyewe kwa macho yake. Anayetafuta watu wa wakati ule aanze kwa kumsoma. Nyaraka za serikali ya Wajerumani nazo ziko kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na nyingine Berlin. Zimeandikwa kwa mwandiko wao wa zamani, unahitaji mtu aliyeuzoea.

Fundi Chokaa

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi ni fundi, nimefanya ukarabati wa nyumba za mawe Bagamoyo na Zanzibar, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Kwanza, kibao cha rangi juu ya saruji pale pwani hakina maisha. Upepo wa kusi unabeba chumvi, chumvi inaingia kwenye nyufa ndogo, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, inabanduka kipande kipande. Kila baada ya miaka michache anakuja mtu na brashi kupaka upya, na kila akipaka upya herufi moja inapotea au neno linabadilika. Nenda kaguse herufi kwa kidole, utasikia tabaka juu ya tabaka. Majina yakipatikana yasipakwe. Yachongwe kwenye jiwe gumu, kina cha kutosha hata kipofu ayasome kwa vidole.

Pili, msije mkayabandika kwa saruji kwenye ukuta wa zamani wowote. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni, yakazimwa kwa maji, yakakaa mpaka yakalainika kama mtindi. Ukuta wa namna hiyo unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini na kutoka nje taratibu. Ukiukandika saruji umeufunga mdomo: unyevu unabaki ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, baada ya masika mawili plasta yote inashuka na sura ya jiwe. Nimeona nyumba ya mlango wa kuchonga ikifa hivyo, na mwenye nyumba alikuwa ametumia pesa zake zote akidhani anaiokoa.

Tatu ni sheria. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo yanahitaji kutangazwa rasmi na waziri. Ngome Kongwe ya 1860 imo. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita mji mkongwe wa Bagamoyo, nyumba za Mtaa wa India, Boma, forodha, mnara wa Dunda waliojenga Wajerumani 1889, vyote ni vya baada. Kwa hiyo kila kitu pale kina njia yake ya ruhusa. Msiongeze hata msumari kwenye mnara bila kwenda kwa watu wa Mambo ya Kale. Nendeni na barua, nendeni na orodha yenye ushahidi.

Mtembeza Wageni

Fundi, hiyo ya 1863 nimeibeba. Miaka kumi na mbili nazungusha watu na sikuwahi kuambiwa.

Jirani wa Misheni

Nami niongeze jambo moja linalohusu majina, maana nimelelewa kivulini mwa ile miembe ya misheni.

Watu wanakuja kuuona Mnara wa Livingstone. Livingstone pale alilala usiku mmoja tu, naye alikuwa ameshakufa. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wenzake wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Kutoka hapa ukaenda Zanzibar, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey. Mnara ukabaki na jina lake.

Ninachotaka kukionyesha ni hiki. Chuma na Susi, watumishi wake walioongoza msafara ule, tunawajua. Halima, aliyekuwa mpishi wa msafara, tunamjua. Kwa nini? Kwa sababu majina yao yaliandikwa. Na katikati yao kulikuwa na kijana aliyejua kuandika, Jacob Wainwright. Yeye ndiye aliyechonga kwenye gome la ule mti wa Chitambo, na hakuchonga jina la Livingstone peke yake. Alichonga pamoja nalo majina ya baadhi ya wakubwa wa msafara. Kipande cha mti huo kiko London mpaka leo. Katikati ya msiba, porini, kisu mkononi, aliona si sawa kumwandika mmoja tu.

Na kwa wanaotafuta: mapadre wa Roho Mtakatifu wako Bagamoyo tangu 1868 na waliandika shajara ya misheni yao kwa Kifaransa. Wakati wa vita vya 1888 walikuwepo, na watu wengi wa mji walikimbilia kwao na watoto na mikeka. Tafuteni anayekisoma Kifaransa vizuri, muombe kuiona kwa adabu.

Binti Kaole

Asalaam aleikum kaka zangu. Nimesoma uzi huu usiku nikashindwa kulala. Sijui kama ninachosema kitafaa, lakini naona hamjakifikia.

Mnatafuta majina Berlin, Dar es Salaam, kwa mapadre. Hamjaangalia kwenye karatasi ya hitima.

Nyumba nyingi za kwetu kabla ya Ramadhani husoma hitima ya marehemu wote wa ukoo. Kuna karatasi ya majina. Ya kwetu iko kwenye daftari la mraba la mwanafunzi, imenakiliwa na mama, naye aliinakili kutoka kwa bibi, na ya bibi ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Msomaji anayataja majina mmoja mmoja, fulani bin fulani, fulani binti fulani. Tukiwa watoto tulikuwa tunayajua kwa mdundo, kama tunavyojua kuhesabu, hatuulizi ni nani.

Kuna jina moja, la kumi na nne kwenye karatasi yetu, ambalo bibi alikuwa akilisikia anajifuta uso kwa pembe ya kanga. Nilipokuwa darasa la saba nilimuuliza. Akaniambia, "Huyo alikufa pwani." Nikasema, bibi, alizama? Akasema, "Hakuzama. Alikufa pwani, watu wanatazama." Akaniambia niende nikachambue mchele. Hakuliongelea tena hadi anafariki.

Nilikuwa nadhani ni mvuvi. Nimeusoma uzi wako, kaka, nikakaa na daftari mapajani.

Kwetu Kaole kuna kaburi la Sharifa kwenye magofu. Lina mamia ya miaka, na watu bado wanakwenda na ubani na nia zao. Hakuna aliyelipoteza jina lake, kwa sababu watu hawajaacha kumwomba Mungu kwenye kaburi lake. Majina yetu ndivyo tulivyoyahifadhi, kwa kuyasoma kwa sauti mbele ya sinia la ubwabwa.

Mtoto wa Dunda

Dada yangu, nimesoma ulichoandika mara tatu, mara ya tatu nikimsomea mama mkwe wangu kwa sauti. Alichosema ni, "Ndiyo hayo. Nilijua yapo."

Nabadilisha ombi langu lote. Wakuu, msianze na swali la nani alinyongwa. Swali hilo wazee wanalikwepa, na wana haki, ni kidonda. Anzeni na karatasi ya hitima. Kaeni na mzee aipitie jina kwa jina: huyu ni nani, alizikwa wapi, alikufaje. Kwenye jina atakaponyamaza, weka alama ndogo kwa penseli, usimlazimishe. Mwaka ujao mwulize tena. Piga picha karatasi nzima, mbele na nyuma, kabla mchwa hawajaifikia. Zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zisitupwe kwa sababu tu hakuna anayezisoma nyumbani. Walimu wa madrasa wapo na watasaidia.

Halafu ndiyo tuyapeleke mbele ya shajara ya misheni, utenzi na nyaraka za Wajerumani, tuone nini kinakutana na nini.

Kalamu ya Mrima

Naunga mkono. Na karatasi hizo zitajibu na swali langu pia. Kwenye nyingi utakuta watumwa wa nyumbani wameandikwa mwishoni, jina moja tu bila la baba. Msiwaruke.

Binti Kaole

Kwetu wako watano. Umesema kweli, hawana jina la baba.

Fundi Chokaa

Dada, umemuuliza mama yako kama anaruhusu jina la kumi na nne liandikwe?

Binti Kaole

Nimemuuliza leo baada ya alasiri. Amekaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani nimemkosea. Halafu amesema nisiliweke mtandaoni, hajui nani atalisoma na kwa nia gani. Akaniuliza mnara uko umbali gani kutoka barabarani, maana magoti yanamsumbua. Nikamwambia bajaji inafika karibu.

Ijumaa baada ya sala tutakwenda. Amesema anataka alitaje mwenyewe pale, na la baba yake. Kaka wa Dunda, kama mama mkwe wako bado hajarudi Tabora, mama anamwalika waende pamoja.

Mtoto wa Dunda

Tikiti yake ilikuwa ya Alhamisi. Nimeshaibadilisha.